Kompyuta Isiyoamka Bila Diski



Mwezi huu imetufikia barua ya mama mmoja atutakaye shauri juu ya kompyuta ya nyumbani kwake. Aeleza kwamba ni kompyuta ya mezani, ya miaka mingi, iliyonunuliwa na marehemu mumewe. Ndani yake mna hesabu za duka, picha za harusi za watoto, na sauti ya marehemu mwenyewe akiwasimulia wajukuu habari za ukoo wao. Kwa muda wa miezi mitatu sasa, kompyuta hiyo haiamki ila iwe imetiwa diski ya DVD ya kuwekea Windows. Diski ikiwamo, kioo huandika maneno ya kutaka kibonyezwe kitufe chochote. Mama asipobonyeza, baada ya nukta chache Windows hufunguka, na kila kitu kimo mahali pake. Diski ikitolewa, kioo husalia cheusi chenye mstari mmoja wa maneno, maana yake hakikuonekana chombo cha kuanzia kazi. Tena, saa ya kompyuta hurudi nyuma miaka mingi kila umeme ukatikapo. Fundi aliyeitwa amesema dawa ni moja tu, kufuta yote na kuweka Windows upya. Mama auliza: Je, ni kweli?

Twamjibu kwanza, ili moyo wake utulie. Kwa dalili alizozieleza, si kweli. Mali yake ingali salama, na ugonjwa wenyewe yaelekea ni mdogo kuliko alivyotishwa. Lakini kwa kuwa shida hii huzipata nyumba nyingi, na vijana wetu wengi hujifanya mafundi wa jamaa zao, tumeona vema tuieleze kwa mapana.

Yafaa ijulikane kwanza jinsi kompyuta iamkavyo. Mtu akibonyeza kitufe cha kuwashia, Windows haiji papo hapo. Hutangulia programu ndogo iliyomo katika ubao mkuu wa kompyuta, iitwayo BIOS, na katika kompyuta mpya UEFI. Hiyo hukagua kumbukumbu, kibodi na vyombo vinginevyo, kisha hutazama orodha yake: nianzie wapi? Kwenye DVD, kwenye flashi, au kwenye diski kuu? Hupita chombo kwa chombo kwa utaratibu wa orodha ile, na kile cha kwanza kinachoonekana kuwa na maagizo ya kuanzia, ndicho hupewa kazi.

Katika utaratibu wa zamani, maagizo hayo ya kwanza hukaa katika kipande cha mwanzo kabisa cha diski kuu, chenye baiti 512 tu. Humo mna programu fupi ya kuanzishia, na jedwali la mafungu ya diski. Programu ile hulitafuta fungu lililotiwa alama ya kuanzia, nalo fungu huiita Windows. Katika utaratibu mpya wa UEFI, mna fungu maalumu lenye mafaili ya kuanzishia, na ubao mkuu huweka kumbukumbu ya jina na mahali pa faili lipasalo kuitwa. Kwa vyovyote vile, huo ni mnyororo. Pete moja ikikatika, Windows haiji, ingawa yenyewe ni nzima na mafaili yote ya mwenye nyumba yamo.

Sasa tuitazame kompyuta ya mama yetu. DVD ya kuwekea Windows haikubali kuandikwa. Kwa hiyo haiwezekani kwamba pete iliyopotea imehamia humo. Diski ile hufanya kazi ya bawabu tu: huuliza kama mtu ataka kuweka Windows upya, na asipojibiwa humpisha mgeni kwa diski kuu ya kwanza. Na diski kuu ikishapewa zamu, Windows hufunguka. Basi hapa tumepata ushahidi wa mambo matatu: diski kuu yasomeka, Windows ni nzima, na maagizo ya kuanzishia yamo. Lililobaki ni swali moja tu: kwa nini kompyuta haiifikii diski kuu bila bawabu? Jibu laelekea kuwa orodha ya BIOS imevurugika, ama diski kuu imeondolewa katika orodha, ama imetanguliwa na chombo kingine kisichoweza kuanzisha kazi.

Na nani aliyeivuruga? Hapo ndipo habari ya saa hufaa. Juu ya ubao mkuu kuna betri ndogo ya mviringo mfano wa sarafu, ambayo aghalabu ni ya namba CR2032, ya volti 3. Betri hiyo ndiyo huitembeza saa umeme usipokuwapo, na katika kompyuta nyingi za zamani ndiyo hutunza pia mipango ya BIOS. Ikifa, saa hurudi nyuma, na orodha hurudi kama ilivyotoka kiwandani. Fundi aliyetazama kioo asiitazame saa, ameacha nusu ya ushahidi.

Lakini dhana si hakika, nasi twapenda ijaribiwe kabla ya kutengenezwa. Jaribio lake ni jepesi wala halifuti kitu. Kompyuta ikiwashwa, ibonyezwe mara kadhaa kitufe cha kuleta orodha ya muda ya vyombo vya kuanzia. Kwa Dell aghalabu ni F12, kwa HP ni F9, na kwa nyinginezo yaweza kuwa Esc au F11. Mara nyingi kitufe chenyewe huandikwa chini ya kioo katika nukta za kwanza. Orodha ikija, DVD iwe imetolewa, ichaguliwe diski kuu. Windows ikifunguka, jambo limethibitika: orodha ndiyo mbovu. Basi kompyuta izimwe, waya wa umeme utolewe ukutani, betri ile ibadilishwe, kisha iingiwe ndani ya BIOS kwa kitufe cha F2, F10 au Del, saa irekebishwe, diski kuu iwekwe ya kwanza, na mipango ihifadhiwe. Kazi hiyo haimalizi hata saa moja.

Wako wenye shida inayofanana na hii kwa sura, lakini chanzo chake ni kingine. Hao ni wale ambao kompyuta zao haziamki ila kwa flashi iliyotumika kuweka Windows au Linux. Flashi, kinyume cha DVD, huandikika. Hutukia kompyuta ikaihesabu flashi kuwa ndiyo diski ya kwanza, na programu ya kuweka ikayaandika maagizo ya kuanzishia ndani ya flashi badala ya diski kuu. Tangu siku hiyo, ufunguo wa nyumba uko nje ya nyumba. Vivyo hivyo hutukia kwa kompyuta yenye diski kuu mbili: Windows huwekwa kwenye diski mpya, lakini maagizo hubaki kwenye ile ya zamani. Siku ya zamani kutolewa au kufa, mpya nayo haiamki.

Hapo orodha ya BIOS haitoshi kuponya, bali sharti maagizo yaandikwe upya mahali pake. Kwa Windows, kompyuta huanzishwa kwa diski au flashi ya kuwekea ya toleo lile lile, lakini mtu asichague kuweka upya. Achague sehemu ya kutengeneza. Humo mna matengenezo ya kujiendesha yenyewe, ambayo yafaa kujaribiwa kwanza, hata mara mbili au tatu. Yasipofaa, hufunguliwa dirisha la kuandikia amri. Amri ya bootrec /fixmbr huandika upya programu fupi ya kuanzishia katika diski ya utaratibu wa zamani, bila kuligusa jedwali la mafungu. Amri ya bcdboot C:\Windows huyanakili mafaili ya kuanzishia kutoka ndani ya Windows yenyewe na kuyaweka katika fungu lipasalo. Lakini kabla ya kufanya hivyo, flashi isiyohitajiwa au diski ya pili itolewe, yasije yakaandikwa pasipo. Na ijulikane kwamba katika dirisha hilo herufi za mafungu hubadilika. Fungu lililokuwa C laweza kuitwa D. Sharti mtu atazame kwanza ni lipi lenye Windows, ndipo aandike.

Iko na sababu ya tatu, ambayo huwapata wenye kompyuta mpya zaidi. Windows iliyowekwa kwa utaratibu wa UEFI haiamki ubao mkuu ukipangwa kufuata utaratibu wa zamani, wala ya zamani haiamki ubao ukifungwa katika utaratibu wa UEFI peke yake. Mtu akigeuza mpango huo kwa udadisi, atadhani diski imekufa. Dawa ni kuurudisha mpango kama ulivyokuwa.

Wasomaji wengine watauliza: Nasi tusio na diski yoyote ya kuwekea, tufanyeje? Msikate tamaa. Windows 10 na 11 zina chumba chao cha matengenezo ndani ya diski kuu. Zikishindwa kuamka mara mbili au tatu mfululizo, kwa kawaida humo huingia zenyewe. Hata hicho kikikosekana, yatosha kuazima kompyuta ya jirani, kupakua kutoka tovuti ya Microsoft programu ya kutengenezea flashi ya kuwekea, na kutumia flashi tupu ya GB 8 au zaidi. Mtu anayetengeneza tu hahitaji kununua leseni nyingine. Iko pia njia ya Linux, kama Ubuntu, ambayo huweza kuamka kutoka kwenye flashi na kufanya kazi bila kuandika chochote kwenye diski kuu. Kwa njia hiyo mtu huona picha na hesabu zake, na kuzinakili nje, hata Windows ikiwa imelala kabisa.

Na hapa twafika kwenye jambo kubwa kuliko yote tuliyoyasema. Kabla ya tengenezo lolote, nakala itangulie. Mama yetu ana bahati ambayo wengi hawana: kompyuta yake ingali yafunguka kwa DVD ile. Basi leo hii, kabla ya kuita fundi mwingine, aifungue, anunue diski ya nje au flashi kubwa, na anakili sauti ile, picha na hesabu. Kisha nakala ya pili iwekwe nyumba nyingine, kwa binti au kwa ndugu. Betri hupatikana dukani, na Windows hupakuliwa upya. Sauti ya marehemu haipakuliwi popote. Na kama diski kuu inatoa mlio wa kugonga-gonga, au mafaili hufunguka kwa taabu isiyo ya kawaida, basi kunakili ndiko tengenezo lenyewe. Mengine yangoje, kwani kila saa ya kuihangaisha diski inayokufa huipunguzia uhai.

Yapo na mambo ya kujihadhari nayo. La kwanza, amri ya clean katika programu ya diskpart isiandikwe na mtu anayetaka mafaili yake. Hiyo huondoa jedwali la mafungu. La pili, mwenye diski iliyofungwa kwa BitLocker asiguse mipango ya UEFI kabla ya kuupata ufunguo wake wa kurejeshea wenye tarakimu 48, maana kompyuta yaweza kuudai, naye asipokuwa nao mafaili hayatafunguka. La tatu, amri isinakiliwe kutoka kwa mtu bila kujua ifanyalo.

Sasa twasema na vijana wetu. Ni jambo la sifa kijana kuwatengenezea wazee kompyuta zao bila ujira. Lakini kompyuta ya watu ni amana. Kufuta yote ni kazi rahisi ya nusu saa, na kompyuta hurudi ikiwaka vizuri. Ndiyo maana fundi mvivu huipenda. Fundi wa kweli huuliza kwanza: Mna nini humu msichotaka kukipoteza? Kisha huuliza: Lini ilianza, na nini kilibadilika siku hiyo? Majibu ya maswali hayo mawili huokoa mengi kuliko amri zote tulizozitaja. Na akimaliza kuweka Windows kwa flashi, haondoki mpaka ameitoa flashi, amezima kompyuta, na ameiona ikiamka peke yake mbele ya mwenyewe.

Nanyi wazazi, msione haya kumwuliza fundi sababu ya asemalo. Akisema lazima yafutwe, mwulizeni ameonaje, na amejaribu nini kabla ya hapo. Akiwa na jibu, mtalielewa hata kwa lugha ya kawaida. Akikosa jibu, chukueni kompyuta yenu mrudi nayo nyumbani, ingali na kila kitu ndani yake.