Mgeni mwenye haya hafai uwanja wa shabaha

MKENYA akienda Marekani kumtembelea ndugu yake anayeishi Texas au Arizona, huenda akaulizwa iwapo amewahi kufyatua bunduki. Akisema la, mwenyeji hucheka na kumwahidi kwamba Jumamosi watakwenda kulenga shabaha. Kwa wengi huko ni matembezi ya kawaida tu. Unalipa ada, unakodi bastola, unatia sahihi karatasi na kuingia. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hupewa bunduki.

Sina ugomvi na mchezo wenyewe. Ulikuwemo katika Olimpiki ya kwanza ya kisasa kule Athens mwaka 1896, na wanaousimamia vyema ni watu makini kupindukia. Ninachohofia ni tabia tunayokwenda nayo. Tumelelewa kutomkatiza mkubwa akisema, kutokataa tunachokaribishwa na kutouliza maswali mengi ugenini. Mezani hiyo ni adabu. Katika uwanja wa shabaha inaweza kuua mtu.

Tazama yaliyotokea Arizona, Agosti 2014. Msichana wa miaka tisa, aliyekuwa likizoni na wazazi wake, alipewa bunduki ya rashasha aina ya Uzi kwenye uwanja ulio mwendo wa gari kutoka Las Vegas. Alifyatua risasi moja, yakaenda salama. Mwalimu akageuza swichi ili bunduki ifyatue mfululizo. Bunduki ikaruka mikononi mwa mtoto, mtutu ukapanda kuelekea kushoto, na risasi ikampata mwalimu kichwani. Alifariki. Wazazi walikuwa papo hapo wakinasa video.

Wala hilo halikuwa la kwanza. Oktoba 2008, huko Westfield, Massachusetts, mvulana wa miaka minane alijiua bila kukusudia kwa Uzi ndogo zaidi, katika maonyesho ya bunduki yaliyoandaliwa klabuni. Aliyemsimamia alikuwa kijana wa miaka 15. Baba mtu alikuwa akimpiga picha. Mwandaaji, aliyekuwa mkuu wa polisi wa mji mdogo, alishtakiwa, na mwaka 2011 baraza la mahakama likamwona hana hatia.

Katika visa vyote viwili palikuwa na watu wazima, na hakuna aliyesema "hapana, hii ni kubwa mno kwake". Hilo ndilo neno ambalo mgeni anapaswa kwenda nalo. Ukipewa silaha nzito kuliko uwezo wako, kataa. Omba bastola au bunduki ya kaliba ndogo ya .22 ambayo haisukumi sana, na umwombe mwalimu atie risasi moja tu. Ukishajua jinsi inavyoruka, ataongeza ya pili. Risasi moja ikitoka vibaya hakuna nyingine inayoifuata. Atakayekucheka mwache acheke.

Jeff Cooper, mwanajeshi wa Marekani aliyeanzisha shule ya Gunsite huko Arizona mwaka 1976 na kufariki 2006, aliacha kanuni nne ambazo hata leo hufundishwa wanafunzi wa bunduki. Chukulia kwamba kila bunduki ina risasi. Usielekeze mtutu kwa kitu usichotaka kukiharibu. Kidole kisiguse kifyatulio hadi uwe umelenga. Jua unacholenga na kilicho nyuma yake. Ni rahisi kuzikariri. Kuzitii ndiko kugumu, hasa jamaa wakiwa nyuma yako na simu wakitaka picha ya kutuma nyumbani. Mgeni amepiga shabaha katikati, amefurahi, anageuka na tabasamu, na mtutu unageuka naye ukiwapitia watu vifuani! Hapo msimamizi atamfokea kwa sauti ya kutisha, hata kama ni mzee wa miaka 70. Asikasirike. Amri ya kusitisha ufyatuaji inaweza kutolewa na yeyote aliyeona hatari, hata wewe uliyefika leo, na kila mtu huitii kwanza na kuuliza baadaye.

Watu wakienda mbele kubadilisha shabaha zao, rudi nyuma na usiguse bunduki yoyote, hata ile uliyokodi. Ukifyatua na risasi isitoke, usiichungulie mtutuni. Iache ikielekea mbele, inua mkono mwingine na usubiri msimamizi. Vaa miwani na vikinga masikio kabla ya kuingia, na shati lililofungwa shingoni. Hili la shati wengi hulipuuza, kumbe ganda la risasi hutoka likiwa moto, na likitumbukia kifuani mtu hurukaruka akiwa ameshika bastola. Liache likuchome. Weka bunduki chini kwanza.

Kuna jambo jingine ambalo mwenyeji huenda halijui kabisa, hasa kama yeye ni raia wa huko. Sheria ya shirikisho ya Marekani, tangu 1998, inamkataza mtu aliyeingia kwa viza ya muda, iwe ya matembezi au ya masomo, kushika bunduki au risasi, ila kwa misamaha michache kama vile kuwa na leseni halali ya uwindaji. Mwanafunzi mmoja kutoka Falme za Kiarabu aliyefukuzwa chuo kikuu Florida, na hivyo kupoteza kibali cha kuishi nchini, alikwenda uwanjani akafyatua bunduki mbili. Alihukumiwa kifungo cha miezi 18. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ilibatilisha hukumu hiyo, ikisema serikali ilipaswa kuthibitisha kwamba alijua hadhi yake. Sheria yenyewe haikuondolewa. Kwa hivyo kabla ya kulipa ada, mweleze mhudumu wazi una viza gani. Akisita, wewe pia sita. Utakunywa soda ukiwatazama wenzako, na heshima yako haitapungua.

Ukiruhusiwa na ukacheza, usikimbilie nyama choma mara unapotoka. Kiswahili kinaita kitu kinachotoka mtutuni na madini yanayotumiwa kukitengeneza kwa jina lilelile, risasi, na vumbi la madini hayo hubaki viganjani, nguoni na kwenye soli. Ni sumu, na huwadhuru watoto zaidi. Nawa mikono kwa sabuni na maji baridi, na viatu viache mlangoni kabla ya kumbeba mpwa wako.