Kungoja Gari Jipya Kuwe kwa Hesabu

Wahenga waliotuachia usemi kwamba subira yavuta heri ndio hao hao waliotuonya kwamba ngojangoja huumiza matumbo. Walitaka anayengoja ajue anangoja nini, na ajue pia kungoja huko kunamgharimu kiasi gani. Maneno hayo yafaa kukumbukwa leo, wakati ambapo watu wengi katika nchi zenye viwanda huahirisha kununua gari la umeme kwa sababu moja tu: wamesikia kwamba toleo jipya li njiani.

Mfano ulio wazi ni wa gari liitwalo Nissan Leaf. Gari hilo lilianza kuuzwa Japani na Marekani mwezi Desemba 2010, na ni miongoni mwa magari ya kwanza yaliyowafanya watu wa kawaida waamini kwamba gari la umeme si mchezo wa maonyesho. Septemba 2020 Leaf ya nusu milioni ilitoka katika kiwanda cha Sunderland, Uingereza. Hata hivyo, tangu siku zake za mwanzo gari hilo limefuatwa na swali lile lile: ninunue sasa, au ningoje lijalo?

Hapana budi tukiri kwamba waliongoja hawakuwa wajinga. Leaf ya kwanza ilikuwa na betri ya kilowati-saa 24, na kwa vipimo vya Marekani ilikwenda kilomita 117 tu kwa kuchajiwa mara moja. Tena betri yake haikuwa na mtambo wa kuipooza. Ilitegemea hewa iliyoizunguka. Mwaka 2012 wenye magari hayo katika jimbo la Arizona, ambako joto ni kali mno, walilalamika kwamba betri zao zinachakaa kabla ya wakati. Malalamiko hayo hayakupita bure. Kampuni ilitoa dhamana ya uwezo wa betri kwa miaka 5 au maili 60,000, na baadaye, katika magari ya mwaka 2015, ikaweka betri iliyotengenezwa istahimili joto zaidi. Aliyesubiri miaka hiyo mitatu alipata kitu cha kushikika.

Baada ya hapo maendeleo yalikuja kwa hatua. Mwaka 2016 ilikuja betri ya kilowati-saa 30. Toleo la pili, lililoonyeshwa Septemba 2017, lilikuwa na kilowati-saa 40 na mwendo wa kilomita 243. Mwaka 2019 iliongezwa betri ya kilowati-saa 62, na mwendo ukafika kilomita 364. Kisha watu wakangoja. Toleo la tatu halikuonyeshwa mpaka Juni 2025, likiwa na betri inayopoozwa kwa kimiminika na mwendo unaofika kilomita 488. Mtu aliyeanza kungoja mwaka 2019 alingoja miaka 6, na katika miaka yote hiyo aliendelea kununua petroli kila wiki. Gharama hiyo haikuandikwa katika tangazo lolote.

Tena lipo jambo ambalo mngojaji hawezi kulitawala. Serikali ya Marekani ilikuwa ikiwapa wanunuzi wa magari ya umeme yaliyotimiza masharti nafuu ya kodi ya hadi dola 7,500. Nafuu hiyo ilikoma tarehe 30 Septemba 2025. Aliyevuka siku hiyo akiwa bado anangoja aliikosa, hata kama gari alilolingoja lilikuwa bora. Kalenda ya kiwanda na kalenda ya serikali haziendi pamoja, na mnunuzi ndiye anayebanwa katikati yake.

Wala si mnunuzi peke yake. Utengenezaji wa Leaf ya zamani katika kiwanda cha Sunderland ulikoma Machi 2024, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya ile mpya kuonyeshwa. Mei 2025 kampuni hiyo ilitangaza kwamba itapunguza wafanyakazi 20,000 na kubakiza viwanda 10 kati ya 17. Miezi miwili baadaye ilitangaza kwamba kiwanda cha Oppama, Japani, ambako Leaf ilianza kutengenezwa, kitaacha kuunda magari kabla ya mwaka wa fedha wa 2027 kwisha. Hatusemi kwamba kuchelewa kwa gari moja ndiko kulikoleta msiba huo. Sababu zake ni nyingi. Tunalosema ni kwamba kampuni inayochelewa kutoa kitu ambacho wateja wanakingoja huwapa wenzake nafasi ya kumega soko lake, na mwisho wa yote anayelipa ni mfanyakazi aliyesimama mbele ya mtambo, ambaye hakuulizwa neno juu ya mpango wowote.

Msomaji atauliza: hayo yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu sana. Sehemu kubwa ya magari yanayoendeshwa Afrika Mashariki yaliwahi kutumika Japani kabla ya kushushwa Mombasa au Dar es Salaam, na Leaf zilizotumika zimekwisha kuonekana katika barabara za Nairobi. Mjapani anayengojea toleo jipya, siku atakapolipata, atalitoa lile la zamani, nalo litaanza safari ya kuja kwetu. Kwa hiyo mwisho wa kungoja kwake ndio mwanzo wa ununuzi wetu. Kwa mtumishi wa umma au mwalimu atakayelinunua gari hilo kwa mkopo unaokatwa katika mshahara kila mwezi, kosa katika uamuzi huo si dogo.

Gari la petroli lililochoka hutengenezwa injini katika karakana yoyote ya mtaani. Betri iliyochoka ni jambo jingine, kwani ndiyo sehemu yenye thamani kubwa kuliko zote katika gari la umeme. Nalo joto la Mombasa, Tanga na Dar es Salaam si joto la Yokohama. Betri isiyokuwa na mtambo wa kuipooza huzeeka upesi zaidi panapokuwa na joto jingi, na hasa inapochajiwa kwa kasi mara kwa mara. Anayenunua Leaf ya matoleo mawili ya mwanzo yampasa alijue hilo kabla ya kutia sahihi.

Ushauri wetu kwa mnunuzi ni kwamba aanze na safari zake, asianze na sifa za gari. Mwalimu ambaye shule yake iko kilomita 15 kutoka nyumbani husafiri kilomita 30 kwa siku. Leaf ya kwanza kabisa, hata kama betri yake imebakiwa na asilimia 70 ya uwezo wake, ingaliweza kwenda kama kilomita 80, na ingemtosha. Huyo akingoja gari la kilomita 488 anangoja fahari tu. Lakini afisa ambaye kazi yake humpeleka Morogoro kutoka Dar es Salaam, mwendo wa karibu kilomita 190, asidanganywe na bei nafuu ya gari hilo. Huyo kungoja kwake kuna haki. Gari ni lile lile, na majibu ni mawili, kwa sababu mahitaji ni mawili.

Vilevile mnunuzi aulize hali ya betri kabla ya kuuliza rangi. Katika dashibodi ya Leaf za zamani mna vipande 12 vinavyoonyesha uzima wa betri. Dhamana tuliyoitaja ilimlinda mteja ambaye vipande vyake vilipungua chini ya 9. Aangalie pia tundu la kuchajia. Leaf za awali zilitumia mfumo wa Kijapani uitwao CHAdeMO kwa kuchaji kwa kasi, na katika Marekani toleo jipya limeuacha na kushika mfumo ulioanzishwa na Tesla. Gari zima lisilopata pa kuchajiwa ni sawa na mtumbwi uliokaushwa na maji kupwa.

Kwa upande wa mamlaka zetu, wajibu ni mkubwa zaidi. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Sheria ya namna hiyo ina maana yake kwa gari la petroli, lakini umri peke yake hausemi lolote juu ya betri: mbili za mwaka mmoja zaweza kutofautiana kabisa, kwa kutegemea joto zilimokaa na namna zilivyochajiwa. Tunashauri kwamba kipimo cha uwezo wa betri kiwe sehemu ya wazi ya ukaguzi wa kila gari la umeme lililotumika linaloingia katika nchi zetu, na matokeo yake yaandikwe katika hati anayokabidhiwa mnunuzi. Nao maafisa ugavi wanaonunua magari kwa fedha za umma wadai dhamana ya betri kwa maandishi, kwani walalamikaji wa Arizona wametufundisha kwamba dhamana huja kwa kudaiwa.

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Hatumkatazi mtu kutamani kipya, wala hatumhimizi kukimbilia cha zamani. Tunamtaka ahesabu kilomita zake, mshahara wake na uzima wa betri, ndipo aamue kununua au kungoja. Anayengoja baada ya kuhesabu ana subira, na heri yake yaweza kuja. Anayengoja kwa sababu ya tangazo atalikuta jingine likimsubiri mlangoni.