Njia ya Siku Zote Haina Alama

Waswahili husema kwamba njia ya siku zote haina alama. Methali hii ilitungwa kwa kusifu. Aipitaye njia kila uchao hahitaji kibao cha kumwonyesha aendako. Miguu yake inaijua, na miguu ya babu yake iliijua kabla yake. Lakini methali nayo hugeuka na zama. Katika zama hizi za hati, ramani na malango ya chuma, njia isiyo na alama ndiyo ya kwanza kuporwa, kwani mporaji wake huuliza swali moja tu: imeandikwa wapi? Na wenyewe, waliozaliwa juu yake, hukosa la kujibu.

Ushahidi wa jambo hili uko kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Apandaye kutoka mjini Moshi kwenda Kibosho, Kilema au Marangu huiona barabara akadhani ameiona nchi. La hasha! Barabara hupitisha magari. Maisha ya mlimani hupita kwenye vinjia. Vinjia hivyo hupenya baina ya kihamba na kihamba, vimepakana na masale, mmea ambao Mchagga huutumia kuwekea mpaka na kuombea msamaha, na juu yake migomba imekutanisha majani. Vingine hufuatana na mifongo, mifereji ya kale iletayo maji kutoka msituni, kwa sababu mfereji hauwezi kutunzwa na mtu asiyeweza kutembea kandoni mwake. Humo mtoto hupita kwenda shule, kahawa hupita kwenda chamani, ndizi hupita kwenda sokoni, na maiti hupita kwenda kuzikwa kihambani kwao.

Msomaji wa pwani asidhani kwamba haya ni ya watu wa bara peke yao. Mwaka 1848, Johannes Rebmann alipoiona theluji ya Kilimanjaro na kuwapelekea Wazungu habari waliyoikataa, hakuigundua njia ya kufikia huko. Alitoka Rabai, nyuma ya Mombasa, akiongozwa na Bwana Kheri, mtu wa pwani aliyeijua safari hiyo. Mlima na bahari viliunganishwa na nyayo za wapagazi kabla ya kuunganishwa na reli.

Aitengenezaye njia ya mlimani hana mshahara wala cheo. Ni jirani, katika msaragambo. Mbiu hupigwa, au siku hizi habari hutumwa kwa simu, na asubuhi watu hutoka na majembe, mapanga na masururu. Masika ya huko si mchezo: mvua za Machi hadi Mei huweza kuigeuza njia ya mteremko kuwa korongo, ikiwa maji hayakutolewa kando. Basi huchimbwa michirizi ya kukata maji, hupangwa mawe penye utelezi, hubadilishwa magogo ya kivuko yaliyooza, hupunguzwa masale yaliyoinamia njia. Asiyefika bila ya udhuru hutozwa faini, na faini hiyo ni ya haki, kwa kuwa naye ni mpitaji. Hakuna zabuni, hakuna mkandarasi, hakuna asilimia kumi ya mtu.

Wenye madaraka huipenda sana kazi hii. Huisifia majukwaani, wakaiita moyo wa kujitolea na mfano wa kuigwa. Lakini kumsifu mtu kwa kufyeka njia, kisha kunyamaza njia hiyo inapozibwa, ni kumvika kilemba cha ukoka.

Nao wazibaji ni wa namna mbili. Wa kwanza ni mtu wa hapo hapo. Vihamba vimegawanywa kutoka baba hadi wana, kizazi baada ya kizazi, hata vingine vimekuwa vipande tu. Mwenye uhaba wa ardhi hupanda mgomba mmoja njiani, mwakani akaongeza wa pili. Bandu bandu huisha gogo. Huyu huweza kusemeshwa, na wazee humsemesha. Asiyesemesheka ni yule ajaye Desemba kutoka mji mkubwa, akajenga ukuta wa matofali palipokuwa na masale, na lango la chuma palipokuwa na njia. Sikukuu zikisha huondoka. Mlinzi hubaki akiilinda nyumba isiyo na watu, na kikongwe wa jirani huzunguka bonde zima ili afike alikokuwa akifika kwa hatua mia. Siku tajiri huyo atakaporejeshwa kuzikwa, watakaolibeba jeneza lake ni hao hao aliowafungia.

Mzibaji wa pili ni mzito zaidi, kwani ana sheria mkononi. Mwaka 1941 serikali ya kikoloni ilitenga ukanda wa nusu maili, yaani mita 800 hivi, baina ya vihamba na msitu uliohifadhiwa. Madhumuni yake yalikuwa wananchi wapate humo kuni, mbao na majani ya mifugo bila ya kuuingilia msitu mkubwa, na usimamizi wake ukawekwa kwa Wachagga wenyewe. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilipoundwa mwaka 1973, ilianzia juu ya msitu, kwenye mita 2,700 hivi. Mwaka 2005 mipaka yake iliteremshwa ikaumeza msitu, na nusu maili ikamezwa nao. Kwa kalamu moja, vinjia alivyovipita bibi na mama vikawa vya kupitwa kwa hofu.

Ili kuuelewa uzito wa jambo hili, lazima ijulikane kwamba ng'ombe wa mlimani aghalabu hatoki kwenda malishoni. Hukaa bandani, kihambani, na malisho humjia yeye, juu ya kichwa cha mwanamke. Samadi yake ndiyo hulisha mgomba na mbuni. Ukiifunga njia ya majani, umeufunga mnyororo mzima hadi chunguni.

Hebu itazamwe picha hii. Kijana wa kijiji cha mlimani hupita katika lango la hifadhi amebeba mzigo wa mgeni, usiozidi kilo 20 kwa mujibu wa kanuni. Njia yake imetengenezwa, ina vibao, ina vibanda vya kupumzikia. Mama yake akiingia msitu huo huo, mbali kidogo na lango hilo, na mzigo wa majani kichwani, ni mhalifu. Msitu ni mmoja, ukoo ni mmoja. Kinachotofautiana ni kwamba mzigo wa kwanza umelipiwa dola.

Wapo wasemao kwamba msitu ni chemchemi ya maji, na ukiachwa wazi utakwisha. Hoja hii haifai kudharauliwa, kwa kuwa nusu yake ni kweli. Uchunguzi uliofanywa kwa ndege mwaka 2001 ulikuta maelfu ya miti ya asili imekatwa kinyume cha sheria, mingi yao mikamfori, na ukanda wa nusu maili wenyewe ulikuwa umechakaa vibaya. Anayeutetea mlima kwa kuyaficha haya humtia adui silaha mkononi. Lakini mkamfori hauangushwi kwa mundu wa kukatia majani, wala ubao wake hauondoki kichwani mwa mama. Huondoka kwa msumeno, kwa gari, na kwa mtu aliyefumba macho penye kizuizi. Kumfungia njia mkata majani kwa dhambi ya mpasua mbao ni kumpiga aliye karibu kwa sababu aliye mbali ana mbio. Na aliyezoea kupita msituni kila siku ndiye wa kwanza kuusikia msumeno. Akifukuzwa, msitu umepoteza mlinzi asiyelipwa.

Wengine hujibu kwamba ruhusa hutolewa. Ni kweli: kwa nyakati mbalimbali akina mama wameruhusiwa kuingia kwa siku maalumu kuokota kuni zilizoanguka. Lakini ruhusa hutegemea mkubwa aliyepo. Akihamishwa, yaweza kuondoka naye. Haki haiombwi upya kila anapobadilishwa mkuu.

Inafaa pia kukumbushwa ilikotoka tabia hii. Mwaka 1932, huko Uingereza, mamia ya vijana wa kazi za viwandani waliupanda mlima wa Kinder Scout uliofungwa na matajiri wawindaji, na baadhi yao wakatiwa gerezani. Mwaka 1949 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ambayo katika jina lake lenyewe iliunganisha mambo mawili: hifadhi za taifa, na haki ya watu kuingia mashambani na milimani. Sheria hiyo iliziamuru halmashauri kuchora njia zote za miguu katika ramani rasmi, na hadi leo watu wa kujitolea huzitembelea, huzifyeka na kuzitetea. Miaka kumi baadaye, mwaka 1959, utawala wa Waingereza hao hao ulitunga sheria ya hifadhi za taifa za Tanganyika. Humo, kuingia bila ya kibali ni kosa. Kwao hifadhi ilikuja pamoja na njia. Kwetu ilikuja na lango. Bendera ilishuka mwaka 1961. Lango halikushuka.

Dawa haiko mbali. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaitambua ardhi ya jumuiya, ambayo mkutano mkuu wa kijiji huiidhinisha na halmashauri ya kijiji huiandika katika rejista. Basi siku ya msaragambo na iwe pia siku ya kupima. Anayeshika panga ashike na kamba. Kila kinjia kiandikwe jina lake, kinapoanzia, kinapoishia na upana wake, na mkutano ukipitishe. Mwenye ukuta akiuliza tena imeandikwa wapi, ataonyeshwa ukurasa.

Kwa nusu maili, rejista ya kijiji haitoshi. Mpaka uliowekwa kwa mamlaka ya taifa huondolewa kwa mamlaka hiyo, na wabunge wa majimbo ya mlimani wamekwisha kulifikisha suala hili Bungeni zaidi ya mara moja. Lifikishwe tena, lakini si kwa kuomba huruma. Ama ukanda urejeshwe chini ya vijiji kwa masharti makali, msumeno usiingie na mche upandwe, ama haki ya kupita na kukata majani iandikwe ndani ya sheria yenyewe, pasibaki mahali pa kuipokonya.

Na pwani? Wasomaji wa visiwani na mwambao wanazijua njia za kushukia baharini zilizozibwa na kuta za hoteli na za majumba ya wenye fedha, mvuvi akalazimika kuzunguka na nyavu zake mabegani. Tena wamefunzwa tangu chuoni kwamba kuuondoa mwiba njiani ni sadaka. Watu wa Kibosho na Kilema wameitoa sadaka hiyo kila mwaka, mvua zikipungua, kwa majembe yao wenyewe. Ikiwa mwiba mmoja una thawabu, ukuta mzima nao una hesabu yake, na anayestahili kuulizwa ni yule aliyeujenga, pamoja na ofisi iliyoona ukijengwa ikanyamaza.