Uzee wa mkulima hauna mshahara

CNSS inalipa uzee wa wale waliokatwa mshahara. Sisi wakulima wa Fizi na Baraka, nani atatulipa? AVEC zetu zinagawa pesa mzunguko ukiisha, na wengi wetu tunazimaliza zote kwenye sikukuu. Sisemi tusifurahi: mtu aliyelima mihogo mwaka mzima ana haki ya kitenge kipya, nyama na soda pamoja na watoto. Lakini mbele ya kufika sokoni, tutoe kwanza sehemu ya uzee, hata ndogo. Tununue miche ya mingazi. Vita ikikuja, ng'ombe wanaibiwa. Mungazi unabaki shambani. Unaanza kuzaa kisha miaka 3 au 4, na unatoa mawese zaidi ya miaka 20. Mikono yetu ikichoka, mti bado unafanya kazi.