TUTA LA BWAWA NI LA NANI?

Wako wenzetu wasemao kwamba bwawa dogo la kupunga upepo si jambo la kuandikwa gazetini. Ati ni starehe tu. Hatukubaliani nao. Mshika jembe naye ana haki ya kukaa kando ya maji siku ya Jumapili na ndoana yake. Na hata asiyependa starehe, nyumba yake ikiwa chini ya bwawa, tuta lile lamhusu.

Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, huko Solai karibu na Nakuru, Kenya, bwawa la Patel lilibomoka baada ya mvua kubwa. Lilikuwa la udongo, mali ya shamba la mtu binafsi. Watu wasiopungua 47 walikufa, nao hawakuwa na samaki wala shamba ndani ya bwawa lile.

Juzi tulipita juu ya tuta moja hapa Ufipa. Ng'ombe wamelikanyaga hata limebonyea katikati, fuko wamechimba, na njia ya kupunguzia maji imezibwa kwa mawe na migono. Aliyeziba alitaka samaki wasitoroke! Njia ile ikizibwa, maji hupita juu ya tuta, na tuta la udongo likipitiwa juu hukatika.

Mfipa hahitaji kufundishwa udongo. Katika intumba hufukia majani yaoze, shamba lipate rutuba. Kwenye bwawa mambo ni kinyume: mzizi ukioza huacha mfereji ndani ya tuta. Basi vichaka vifyekwe vingali vidogo, nyasi fupi ziachwe zishike udongo, na mti mkubwa using'olewe kabla fundi hajautazama.

Tena yatazamwe maji yavujayo chini ya tuta. Yakiwa safi na machache, yaangaliwe kila juma. Yakitoka na matope, udongo wa ndani unachukuliwa. Hapo watu wa bondeni waondoke kwanza, barua iandikwe baadaye.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imegusa usalama wa mabwawa, na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Rukwa iko Mbeya. Kila tawi lenye bwawa liulize kwa maandishi: mwenyewe ni nani? Lakini mvua za Novemba hazingoji majibu. Jumamosi tukutane tutani na mapanga na majembe. Wenye ng'ombe waje na miti ya uzio, na mwenye migono aje kuitoa mwenyewe.