Mikoba ya wahudumu wa afya haitoshi bila dawa
SERIKALI ilipowakabidhi wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 mikoba yenye vifaa vya kupimia shinikizo la damu na sukari mnamo Septemba 2023, wengi walishangilia, na walistahili. Mlalahoi asiye na nauli ya kumfikisha hospitalini angepimwa mlangoni pake.

Lakini kupima si kutibu. Anayegunduliwa kuwa na kisukari hutumwa zahanati, na mara nyingi huko huambiwa akajinunulie dawa. Hurejea nyumbani akiujua ugonjwa wake, basi.

Isitoshe, mhudumu huyo anayetarajiwa kuzuru takriban familia 100 aliahidiwa Sh5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu, nusu kutoka kaunti. Kaunti ikichelewesha sehemu yake, nani atamlaumu akishinda shambani mwake?