Umeme, Ndege na Hesabu Tusizozifanya

Katika mijadala yetu ya mabadiliko ya tabianchi, neno "umeme" limegeuka kuwa hirizi. Likitamkwa tu, watu hupiga makofi na maswali hukoma. Ndiyo maana nalichukulia kwa uzito swali ambalo wanafunzi huniuliza mara kwa mara: ikiwa tangu mwaka 2024 treni ya umeme inatoka Dar es Salaam hadi Dodoma, kwa nini kompresa ya injini ya ndege nayo isizungushwe na mota ya umeme? Swali hilo ni la haki. Kinachonisikitisha ni kwamba tunalijibu kwa ushabiki au kwa dhihaka, na ni wachache wanaoshika kalamu.

Tuanze na mtambo wenyewe. Injini ya jeti huvuta hewa, na kompresa huikandamiza. Mafuta huchomwa ndani ya hewa hiyo, kisha gesi ya moto hutoka kwa kasi. Ikiwa njiani, gesi hiyo huzungusha tabaini, yaani gurudumu la mapanga lililounganishwa na kompresa kwa mhimili. Kazi hiyo si ndogo. Katika ndege kubwa inayoruka, kompresa za injini moja huhitaji makumi ya megawati, wakati kituo chetu cha umeme wa maji cha Hale kilijengwa kutoa megawati 21. Tabaini hutoa nguvu hiyo yote ikiwa ndani ya pipa linaloning'inia chini ya bawa.

Sasa tuiondoe tabaini, tuweke mota. Umeme utatoka wapi? Kilo moja ya mafuta ya ndege ina nishati ya karibu kilowati-saa 12. Kilo moja ya betri nzuri za leo ina takriban robo ya kilowati-saa. Hata tukizingatia kwamba mota hupoteza nishati kidogo kuliko injini ya joto, mafuta bado huishinda betri kwa takriban mara 20. Isitoshe, mafuta hupungua uzito yanapochomwa, ilhali betri hutua na uzito ule ule iliopaa nao. Na tukisema umeme uzalishwe na jenereta humo humo ndani ya ndege, jenereta hiyo itahitaji injini nyingine ya kuizungusha. Tutakuwa tumeizunguka nyumba ili tuingie kwa mlango ule ule, tena tukiwa na mzigo mzito zaidi.

Historia inatoa ushahidi wake. Mhandisi Secondo Campini wa Italia alibuni ndege ya jeti ambayo kompresa yake ilizungushwa na injini ya pistoni. Iliruka Agosti 27, 1940, mwaka mmoja kamili baada ya ndege ya Kijerumani Heinkel He 178, iliyotumia tabaini. Ndege ya Campini iliruka kweli, lakini ilikuwa nzito na ya mwendo mdogo, na njia yake ikaachwa.

Hata hivyo, dhihaka nayo haina msingi. Katika Boeing 787, aina ambayo ATCL iliipokea mwaka 2018, hewa ya abiria haichotwi kwenye injini kama ilivyo desturi. Hukandamizwa na kompresa zinazozungushwa na mota za umeme. Umeme wenyewe hutoka kwenye jenereta zinazoendeshwa na injini zile zile zinazochoma mafuta. Kwa hiyo umeme una nafasi angani, ila kwa sasa ni nafasi ya msaidizi. Mwaka 2017, Airbus, Rolls-Royce na Siemens zilitangaza mradi wa E-Fan X, wa kuijaribu mota ya megawati 2 kwenye ndege ya injini nne. Mradi ulisitishwa Aprili 2020 kabla ndege hiyo haijaruka.

Treni ya Dodoma inafaulu kwa sababu haibebi nishati yake. Huipokea kwenye waya njia nzima. Ndege haina waya, na tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kuongoza sera. Shilingi ya umma inayotafuta kupunguza moshi itazaa matunda mapema zaidi kwenye reli na mabasi ya mijini kuliko kwenye ahadi za ndege za betri za masafa marefu.

Kwa hiyo nawasihi watumishi wa umma: muuzaji wa teknolojia akija na picha za kupendeza, mwulizeni nishati inatoka wapi, ina uzito gani, na nani atabeba hasara jaribio likishindwa. Wanaharakati waulize maswali hayo hayo, hata kwa miradi wanayoipenda. Nanyi wanafunzi, msiache kuuliza. Ila mje darasani na hesabu zenu. Taifa lisilofanya hesabu zake litasaini hesabu zilizofanywa na wengine.